Umeme unapita juu ya vichwa vyetu

Tusingojee baraji kubwa peke yake. Jua, mto mdogo na mbabula nzuri viko karibu na nyumba.

Ni saa moja ya usiku katika kampi moja ya wafanyakazi, upande wa Kolwezi. Kuran imeenda tangu juzi. Mtoto mkubwa wa nyumba ameinama juu ya daftari, mshumaa umebaki kipande kidogo.

— Papa, mshumaa unaisha. Egzame ya Leta iko karibu, na mimi sijamaliza kurudilia hesabu.

— Ngojea kidogo, mwanangu. Kuran itarudia.

— Papa, tangu juzi tunangojea.

Mama, aliye karibu na mbabula, anaingia katika mazungumzo:

— Papa ya watoto, jirani wetu wa nyumba ya tatu alitia pano ya jua juu ya mabati. Kila usiku watoto wake wanasoma. Na sisi je?

— Mama ya watoto, ile kapano ni kitu ya kuchezea tu. Sisi tuko watu wa shaba! Hausikie namna wanasema kila siku habari ya Inga? Siku watamaliza ile baraji mpya, tutakuwa na umeme hata ya kugawia majirani.

Mama ananyamaza. Mshumaa unazimika. Mtoto anafunga daftari na kwenda kulala.

Ndugu msomaji, mazungumzo ya namna hii yanafanyika katika nyumba nyingi za kwetu. Papa huyu si mjinga, na Mama si mtu wa kutamani vya jirani. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Basi tuangalie jambo hili pamoja, polepole, tujue wapi tutie tumaini letu na wapi tutie pesa yetu.

Njia ndefu ya umeme

Inga iko mbali sana na sisi, karibu na Matadi, pale mto Kongo unashuka kwa nguvu kuelekea bahari. Baraji ya kwanza, Inga 1, ilianza kazi mwaka wa 1972, na nguvu yake ni megawati 351. Inga 2 ilifuata mwaka wa 1982, na nguvu yake ni megawati 1.424. Wakati ule ule wakajenga njia ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, urefu wake karibu kilometa 1.700. Siku zile ilikuwa moja ya njia ndefu kabisa za umeme katika dunia yote.

Juu ya nini kupeleka umeme mbali hivi? Ni kwa ajili ya shaba na kobalti. Viwanda vya Katanga vilihitaji nguvu nyingi.

Wengi wanauliza: mbona vijiji vilivyo chini ya zile nguzo kubwa havina hata ampuli moja? Jibu ni hili. Umeme unaopita pale ni wa namna ya pekee, wenye nguvu ya volti 500.000. Huwezi kufunga kamba ndogo pale na kupeleka ndani ya nyumba. Ungehitaji kituo kikubwa cha kuugeuza, kama kile cha Kolwezi, na kituo kimoja ni mali nyingi sana. Njo maana mama analima mihogo chini ya nguzo, anasikia kamba zinavuma juu ya kichwa chake, na usiku anawasha kibatari.

Karibu na sisi pia tuko na baraji za zamani. Mwadingusha, juu ya mto Lufira, ilianza mwaka wa 1930. Koni ilifuata, halafu Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, zote tatu miaka ya 1950. Hizo nazo zilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi. Mpaka leo, katika inchi yetu yote, kati ya watu 5, karibu 4 hawana umeme nyumbani. Katika vijiji ni mbaya zaidi.

Na baraji mpya ya Papa, ile ya Inga 3? Maneno yake tumeyasikia miaka mingi. Mwaka wa 2016 Benki ya Dunia ilisimamisha pesa yake. Mwaka wa 2025 ikarudi na kukubali dola milioni 250 kwa sehemu ya kwanza ya matayarisho. Ni habari njema. Lakini matayarisho si baraji, na baraji si ampuli ndani ya nyumba yako. Mtoto aliye katika mwaka wa sita wa sekondari leo atakuwa ameoa na kuzaa mbele ya umeme ule kumfikia.

Mto nao unachoka

Kuna neno lingine. Mto Kongo pale Inga haukauki, kwa sababu unakusanya maji ya pande mbili za ekweta: mvua ikikosa upande huu, inanyesha upande ule. Lakini mito mingine haina bahati ile.

Tuangalie majirani wetu wa Zambia. Baraji ya Kariba, juu ya mto Zambezi, ilijengwa miaka ya 1950. Watu kama 57.000 wa kabila la Watonga walihamishwa kwa nguvu, mashamba yao na makaburi ya wazee wao yakaingia chini ya maji. Baraji hiyo imelisha migodi ya shaba ya Zambia miaka mingi. Lakini mvua ilikosa, na mwezi wa pili wa mwaka 2024 rais wa Zambia akatangaza kwamba ukame umekuwa msiba wa taifa. Ziwa la Kariba likashuka sana. Nyumba nyingi zikapata umeme masaa machache tu kwa siku. Washona nguo, wasaga unga, wauza samaki wa barafu, wote wakalia. Sisi pia tuliguswa, maana migodi ya kwetu inanunua umeme kutoka upande ule.

Hatusemi kwamba baraji kubwa ni mbaya. Huwezi kuyeyusha shaba kwa pano moja juu ya mabati. Tunasema hivi: jamaa inayotia tumaini lake lote katika baraji moja, tena ya mbali, ni kama mtu mwenye shamba moja tu, kando ya mto. Maji yakipanda ao yakikauka, analala njaa.

Manono: mji uliozimika na kuwaka tena

Tuko na mfano hapa kwetu, katika jimbo la Tanganyika. Manono ni mji wa madini ya bati. Wakati wa Wabelgiji, kampani ya bati ilijenga baraji pale Piana Mwanga, juu ya mto Luvua. Mji ukawaka. Wazee wanakumbuka barabara zenye taa.

Halafu bati likaanguka bei, na vita ya mwaka wa 1998 ikafika. Mashini zikaharibika na kuibiwa, na Piana Mwanga ikanyamaza. Manono ikakaa gizani miaka mingi. Mwenye pesa alinunua grupu na mazutu. Wengine walibaki na kibatari.

Karibu na mwaka wa 2018, kikajengwa pale Manono kiwanda cha jua: mapano mengi yaliyopangwa kwenye uwanja, nguvu yake yote megawati 1, pamoja na mabatiri makubwa ya kulinda umeme kwa usiku. Megawati 1 ni kidogo sana ukiipima na Inga. Lakini iko pale pale, karibu na watu. Hakuna kilometa 1.700 za kamba.

Na tazama jambo la ajabu. Chini ya udongo wa Manono kuna madini yanayoitwa litiumu, mengi sana. Kule Kolwezi kuna kobalti: zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka Kongo. Litiumu na kobalti ni vitu vya kutengeneza mabatiri ya magari ya umeme na ya simu. Ulaya na China wanatafuta udongo wetu ili wawe na nguvu safi. Na kijana anayechimba udongo ule anarudi jioni na kuwasha toshi ili aone sahani yake ya bukari.

Maji bila ziwa, jua bila kamba ndefu

Upande wa Kivu walijaribu njia nyingine. Si kila umeme wa maji unataka ukuta mkubwa na ziwa la kufunika vijiji. Kwenye milima, mto mdogo unashuka kwa nguvu. Unachota sehemu ya maji, unayapitisha katika mfereji na bomba, yanazungusha turbini, halafu unayarudisha mtoni. Hakuna kijiji kinachozama.

Njo vile walifanya karibu na hifadhi ya Virunga. Pale Mutwanga, mwaka wa 2013, walianza na kiwanda cha megawati 0,4 tu. Mwisho wa mwaka wa 2015 wakafungua Matebe, juu ya mto Rutshuru, megawati 13,8. Vinu vya unga, wachomeleaji na watengeneza sabuni wakapata umeme. Na pale Goma, mwaka wa 2020, kampani moja inayoitwa Nuru ilifungua kiwanda cha jua cha megawati 1,3 kwa ajili ya kartie moja. Vita imesumbua sana upande ule, wote tunajua. Hata hivyo kazi ile ilionyesha kwamba jambo linawezekana.

Sheria pia inaruhusu. Tangu sheria ya umeme ya mwaka wa 2014, si SNEL peke yake inayoweza kutoa na kuuzisha umeme. Kampani ndogo, hata watu waliojiunga pamoja, wanaweza kuomba ruhusa.

Hesabu ya pano moja

Turudi sasa katika nyumba yetu. Papa alisema pano ni kitu cha kuchezea. Kijana wake anasoma hesabu. Basi tufanye hesabu.

Ampuli moja ya kisasa, ile isiyopata moto mingi, inakula wati 5. Ukiwasha ampuli 4 kwa masaa 5, ni wati 20 mara 5, yaani 100. Radio ya wati 10 kwa masaa 4 ni 40. Kutia moto simu mbili ni kama 20. Jumla ni 160 kwa siku moja.

Pano ya wati 50 ikipata masaa 5 ya jua kali, inatoa 250. Sehemu kama theluthi inapotea katika kamba na batiri. Inabaki 165 hivi. Inatosha, lakini bila kubakisha. Kwa hiyo, mwenye uwezo achukue ya wati 80, kwa ajili ya siku za mawingu wakati wa mvua.

Batiri ya volti 12 na amperi 50 inashika 600. Usiimalize yote! Batiri ya maji ikishuka chini ya nusu mara kwa mara, inakufa haraka. Tumia 300 tu, ni kama usiku mbili. Kuna kasanduku kadogo kanakoitwa regileta, kanakozuia batiri isijae kupita kiasi wala isiishe. Wauzaji wengine watakuambia kwamba si lazima. Usiwasikie.

Katika majimbo yetu ya kusini, pano iangalie upande wa kaskazini na iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Vumbi la migodi ni mingi: ipanguse kila posho kwa kitambaa chenye maji. Isifunikwe na kivuli cha mti wa mwembe. Hata kivuli kidogo kinaua nguvu nyingi.

Na batiri iliyokufa usiivunje nyumbani ili kupata risasi ya kuuza. Ile risasi ni sumu. Inaingia katika damu ya watoto na kuharibu akili zao. Irudishe kwa muuzaji.

Na kupika?

Hapa Mama ana haki ya kuuliza: "Pano hiyo itapika bukari?" Hapana. Resho ya umeme inakula wati 1.000 ao zaidi. Saa moja tu ya kupika inapita mara sita matumizi yote ya nyumba tuliyohesabu. Mtu akikuambia kwamba pano ndogo itapika, anakudanganya.

Kwa hiyo tunapika na makala, na makala inakula pori. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka pori iliyokuwa karibu na mji. Leo wachoma makala wanakwenda mbali sana, na kila mwaka mbali zaidi. Njo maana gunia linapanda bei.

Dawa ya kwanza ni mbabula yenyewe. Mbabula ya bati peke yake inatupa moto pembeni. Miaka ya 1980, kule Kenya, mafundi walianza kutengeneza jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani yake. Udongo unashika moto na kuurudisha chini ya chungu. Jiko la namna hiyo linapunguza makala karibu theluthi, hata zaidi. Mafundi wa bati wa kwetu wanaweza kuitengeneza, na wafinyanzi wa udongo hawakosekani. Kijana asiye na kazi ana kazi hapa.

Haya, hesabu tena, Mama: kama jamaa inamaliza magunia matatu kwa mwezi, na mbabula mpya inaokoa gunia moja kila mwezi, ni magunia 12 kwa mwaka. Bei ya magunia yale unaijua kuliko sisi. Labda pano iko ndani yake.

Sisi tunaochimba, tuombe

Jamaa moja inaweza kununua pano ya nyumba. Haiwezi kununua umeme wa nyumba ya uzazi, wa shule na wa kinu cha unga. Pale tunapaswa kusimama pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wakristu wengi wa migodi hawajui sheria hii. Sheria ya madini ya mwaka wa 2018 inasema kampani inayochimba inapaswa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Tena inapaswa kuandika pamoja na wenyeji karatasi ya ahadi, ile inayoitwa kaye de sharje: shule, maji, barabara. Juu ya hayo, iko kodi ya madini. Katika kila franka 100 za kodi hiyo, 15 ni za sekta, uchifu ao mji ule unaochimbwa.

Mara nyingi mkutano wa kuandika ahadi zile unafanyika, na watu wetu wanaomba uwanja wa mpira ao gari la chifu. Kwa nini tusiombe umeme wa jua kwa nyumba ya uzazi, ili mama asizae kwa mwanga wa simu? Kwa nini tusiombe taa za shule, ili vijana warudi pale jioni kusoma? Vijana waliosoma, nendeni katika mikutano ile. Someni karatasi mbele ya wazee kutia sahihi. Ulizeni pesa inafikia wapi.

Kitu kidogo kinataka mikono

Lakini tuseme ukweli mpaka mwisho. Mara ngapi tumeona mapano yaliyoletwa kwa sherehe, na hotuba, na ngoma. Halafu kisha miaka mitatu batiri imekufa, hakuna fundi, hakuna pesa, na pano imeibiwa? Nguvu ya jua ni ya bure. Batiri si ya bure.

Kwa hiyo, mbele ya kupokea mapano yoyote, shirika ao kijiji kipange mambo matatu. Kwanza, sanduku: kila jamaa inayotumia ilipe kidogo kila mwezi, hata ya kutia moto simu, na pesa hiyo isiguswe ila kwa batiri na ampuli. Pili, fundi: vijana wawili wafundishwe, mvulana na msichana, si mmoja tu, maana mmoja anaweza kwenda mjini. Tatu, kitabu: pesa iliyoingia na iliyotoka iandikwe na kusomwa mbele ya watu wote. Pasipo kitabu, umeme utaleta magomvi mbele ya kuleta mwanga.

Tulimwacha Papa gizani. Asubuhi yake, Mama alimwonyesha kakaratasi: mishumaa, mafuta, batiri ndogo za toshi, kutia moto simu kwa jirani, yote ya mwezi mmoja. Papa aliisoma mara mbili. Halafu akasema:

— Mama ya watoto, kumbe tunalipa giza bei kali hivi?

Akachukua kofia yake, akaenda kwa jirani wa nyumba ya tatu kuuliza pano alinunua wapi. Inga anaendelea kuingojea, na si vibaya. Lakini sasa mtoto wake hatangoja pamoja naye.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa na katika kikundi cha vijana

1. Mwezi uliopita nyumba yetu ilitumia pesa ngapi kwa mishumaa, mafuta, batiri za toshi na makala? Tuiandike.

2. Katika parokia yetu, nyumba gani inahitaji mwanga kwanza: shule, nyumba ya uzazi ao nyingine? Kwa nini?

3. Nani kati yetu amesoma karatasi ya ahadi ya kampani inayochimba kwetu? Tutaipata wapi?

4. Ikiwa tunapewa mapano kesho, nani atashika sanduku, na nani atashika kitabu?